Mwavuli wa Mama Venansiya

Siku tuliyotoa vitu chumbani kwa marehemu Bibi, ndugu zangu walivutana kidogo juu ya masufuria na zulia, kama ilivyo kawaida ya ndugu baada ya matanga. Mimi sikuingia katika mvutano ule. Nilikuwa nimeinama nyuma ya kabati nikivuta kitu kilichonasa kati ya ubao na ukuta, na kilipotoka kilikuwa mwavuli. Mweusi, wa zamani, wenye mpini wa mti uliopinda, na kitambaa chake kimeshonwa mahali pawili kwa uzi mweupe. Nikatoka nao uani, nikaufungua, ukalia kama mlango usiotiwa mafuta, na harufu ikanishukia usoni: moshi wa makaa, kafuri, na kwa mbali sana, samli ya ng'ombe. Nikakaa chini palepale kwenye saruji. Mmoja akaniuliza kama nimekanyaga msumari.

Sikuwa nimekanyaga kitu. Nilikuwa nimemkumbuka Mama Venansiya, na kwa wakati ule nilimtamani kuliko nilivyomtamani Bibi mwenyewe, ambaye kaburi lake lilikuwa bado bichi. Mungu anisamehe. Bibi niliagana naye vizuri: nilimwosha, nikamlilia, nikamwachia Mola wake. Mama Venansiya sikuagana naye, na jambo hilo lilikuwa limenikaa rohoni tangu nikiwa mtoto.

Sisi ni watu wa Biryogo, mjini Kigali, pale Nyamirambo inapoanza kupanda kilima. Siku hizi kipande cha mtaa kimepakwa marangi, magari yamekatazwa, na kuna vijana wanaotembeza wageni wenye kamera wakiwaonyesha sisi. Juzi nilimsikia mmoja akisema nyumba yetu ni ya kihistoria. Historia gani, nikajiuliza, na bati linavuja tangu masika yaliyopita? Lakini kweli ipo. Babu yake Bibi alikuja na biashara kutoka Ujiji, kisha Wabelgiji wakawakusanya watu wa namna yake mahali pamoja na kupaita kambi ya Waswahili. Bibi alikuwa akisema kwamba katika utoto wake Mswahili hakutoka kambini bila ruhusa, na aliyetaka kutoka bila kuomba alitoka na ndoo mkononi, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Alikuwa akilisimulia kwa kucheka, nami nikalichukua kama hadithi za wazee.

Mama Venansiya alikaa juu kilimani, nyuma ya kanisa la Wakatoliki. Yeye na Bibi walijuana bombani, kwenye foleni ya maji, miaka mingi kabla sijazaliwa. Mmoja Mwislamu wa Biryogo aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, mwingine Mnyarwanda wa misa ya kila asubuhi, aliyejifunza Kiswahili ukubwani na kwake kila kitu kilikuwa "iko". Alasiri, Bibi akishaswali, sauti ilisikika kibarazani: "Mama Saidi iko?" Saidi alikuwa mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa Bibi, dereva wa malori ya safari ndefu. Mama Venansiya alileta chupa ya maziwa ya mgando, Bibi akamimina chai ya tangawizi, wakakaa mkekani na kuwasema watu mpaka chai ikapoa. Alijipaka samli mikononi na shingoni kama wanawake wa zamani, na mpini wa mwavuli wake ulikuwa umeinywa samli hiyo mpaka unang'aa.

Kisha ndiyo likaja jambo nililolingoja tangu asubuhi. Kwetu Rwanda mgeni haachwi mlangoni. Unasimama naye, unatoka naye, unatembea naye kipande cha njia. Usipofanya hivyo umemfukuza. Kinyarwanda husema guherekeza, sisi tunasema kusindikiza, na hao wawili walikuwa wameligeuza kuwa ugonjwa. Bibi alimsindikiza Mama Venansiya mpaka kanisani. Wakifika kanisani, Mama Venansiya aliona haya kumwacha mwenzake arudi peke yake, akasema, "Sasa na mimi nikusindikize kidogo," wakashuka wote mpaka kwa mafundi cherehani. Hapo Bibi naye akaona haya, wakapanda tena. Mimi nilitangulia na mwavuli begani kama jembe, na kazi yangu ilikuwa kukata shauri nani aishie wapi, maana wenyewe wasingeachana mpaka adhana ya magharibi.

Njia ile naijua hadi leo kwa pua. Kwanza mafundi cherehani kwenye vibaraza, na pasi zao za makaa juu ya nguo iliyonyunyiziwa maji, harufu ya pamba inayokaribia kuungua. Halafu fundi redio, ambaye redio zake zote zilisema kwa pamoja, Kifaransa huku, Kinyarwanda kule, na rumba ya Zaire ikizishinda zote. Halafu jiko la mishikaki ya mbuzi. Hapo Mama Venansiya aliongeza mwendo, akidai moshi unamharibia nguo, na Bibi akasema si moshi, ni Kwaresima inayomkimbiza. Baada ya hapo kilima kinakaza. Nyumba za matofali ya udongo zimebanana, vibaraza vyake vya chini vimepakwa chokaa, watoto wanapiga mpira wa majani ya migomba ambao ukikuponyoka unakwenda kuutafuta bondeni. Juu kabisa, penye kanisa, mji ulitufungukia: Kiyovu na majumba yake yaliyojificha katika miti, Gatsata ng'ambo ya bonde la Nyabugogo na mabati yake yakimeremeta, na kule mbali kabisa Remera, ambako mimi nilikuwa sijafika. Mama Venansiya alisimama hapo, mkono kiunoni, akivuta pumzi. "Mji yetu ni muzuri," alisema kila siku, na kila siku Bibi akamjibu kwamba ungekuwa mzuri zaidi bila milima.

Alikuwa na mwendo wake. Mguu wa kulia aliutua nje kidogo na kuuegemea, kisha bega la kushoto likainuka kabla ya hatua inayofuata, na penye mwinuko mkono ulikwenda kiunoni wenyewe. Mimi nilikuwa mrefu kupita umri wangu, kichwa kilikwishafika masikioni mwa Bibi, na nikiwa mbele yao niliuiga mwendo ule kisirisiri. Bibi akiniona alinigombeza kwamba nitaumbuka nibaki hivyohivyo. Mama Venansiya alicheka. "Mwache," alisema. "Nikichoka, niko na mtu ya kunitembelea."

Kuna siku nilishikwa na uvivu, nikauliza kwa nini tusimwache aende tu, mtu mzima anajua kwake. Bibi alisimama katikati ya njia. Akaniambia kwamba mgeni asiyesindikizwa hana sababu ya kurudi. Niliyaamini maneno yale kama nilivyoyaamini ya madrasa, bila kupunguza wala kuongeza.

Kisha vita vikaanza kaskazini, mpakani, na mji ukabadilika. Njiani pakawekwa vizuizi, watu wakaonyesha vitambulisho, na kuna waliotazamwa mara mbili kwa sababu ya kabila lililoandikwa humo. Mume wa Mama Venansiya alichukuliwa asubuhi moja pamoja na wanaume wengine, hakurudi. Binti yao mdogo, Kayitesi, ambaye sikumjua sana, alipelekwa Bujumbura kwa mama yake mdogo. Mimi niliambiwa amekwenda shule nikamwonea wivu. Mkuu wa seli yetu, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani, mtu aliyekula pilau ya Idi kwetu miaka yote, aliweka kiti mbele ya duka lililotazamana na kibaraza chetu na kuanza kuangalia nani anaingia kwa nani. Ikasemwa kwamba Mama Venansiya ana ndugu ng'ambo ya mpaka. Wengine wakaacha kumsalimia. Hao wawili waliendelea kusindikizana vilevile, ila wakipita dukani walinyamaza, na mimi nilidhani wanamheshimu mwenye kiti.

Siku yenyewe alikuja mapema, kabla ya adhuhuri, bila maziwa. Alivaa kandambili na gauni la nyumbani, na juu yake kitenge chake cha njano kilichojulikana mtaa mzima. Bibi akamwingiza ndani akafunga mlango. Mlango wetu haukufungwa mchana ila siku ya maiti. Nilibaki kibarazani nikisikiliza, nikaambulia minong'ono tu. Walipotoka, macho ya Mama Venansiya yalikuwa mekundu, kitenge hana tena, na mkononi alishika kikapu kitupu cha sokoni. Akautundika mwavuli wake kwenye msumari wa nje, kando ya mlango, pale anapouona kila mpita njia. Kisha akanishika shavu.

"Milima haikutani, mwana wangu," alisema. "Watu ndiyo hukutana."

Nikaona ni methali, watu wazima hawaishiwi. Bibi alikwishakaa mkekani, akavuta ungo wa maharage na kuanza kuchambua. Nilisimama nikauchukua mwavuli, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu.

"Rudisha," alisema Bibi bila kuinua macho.

"Hatumsindikizi?"

"Leo miguu inaniuma."

Miguu! Asubuhi ileile alikuwa amekwenda sokoni na kurudi na mkaa kichwani. Nilimgeukia Mama Venansiya nikitegemea atakasirika, atadai haki yake, lakini alikwishashuka kibarazani. Na hakupanda kilima kwenda kwake. Alishuka, upande wa mjini, upande wa Nyabugogo, kandambili zikimpiga visigino na kikapu kikining'inia, akienda bila haraka kama mtu aliyeishiwa chumvi.

Ng'ambo ya njia mkuu wa seli akainua kichwa. Akamwuliza Bibi kwa utani kama leo wameachana. Bibi alijibu kwa sauti ya kufika mbali kwamba amemtuma mwenzake chumvi, na mwavuli wake si ule pale unamngoja. Chumvi tulikuwa nayo kopo zima. Nikafungua mdomo kusema hivyo, na vidole vya Bibi vikanishika paja chini ya ungo na kunifinya mfinyo ambao hadi leo naweza kukuonyesha mahali pake. Nikalia. Yule bwana akacheka, akasema mtoto anamlilia mgeni. Nilipofuta macho, Mama Venansiya alikwishapinda kona.

Nilimchukia Bibi mchana ule. Nilikwishapanga kesi yote kichwani: wamegombana mle ndani, Bibi amemnyang'anya kitenge na mwavuli, kisha amemfukuza kwa kumwacha aende peke yake. Na rafiki yule mpole ameumia mpaka amesahau njia ya kwake. Sasa hatarudi. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba hatarudi. Nilikaa jikoni nikakataa kula, na Bibi hakunibembeleza.

Alasiri mvua ikaanza kunyunya, watu wakaingia ndani. Bibi akaswali, akaniita chumbani, akafungua sanduku na kukitoa kitenge cha njano. Kipande kimoja akanifunga kiunoni mpaka miguuni, cha pili akanifunika kichwa na mabega. Nikanukia Mama Venansiya mwili mzima. Kisha akaniinamia.

"Mwendo wake unaujua?"

"Naujua."

"Basi leo hakuna atakayekugombeza. Tembea."

Akachukua kikapu cha mboga, akautoa mwavuli msumarini, akaushusha mpaka karibu ugusane na vichwa vyetu, tukatoka. Njia nzima alizungumza nami kama anavyozungumza na mwenzake, harusi ya fulani, maharage ya msimu huu yana wadudu, mtoto wa fulani amekuwa mlevi. Mafundi cherehani waliisalimu migongo yetu, akaitikia kwa niaba ya wote wawili. Na mimi nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Bibi amejuta. Hii ndiyo dawa ya kumrudisha mgeni uliyemwacha aende bila kusindikizwa: unamsindikiza hata kama hayupo, mpaka asikie huko aliko. Basi nikatembea kwa moyo wangu wote. Mguu wa kulia nje, egemea, bega la kushoto juu. Sikuwahi kuswali kwa umakini wa namna ile. Tulipofika kanisani nikaweka mkono kiunoni, nikavuta pumzi, nikasema, "Mji yetu ni muzuri."

Bibi hakunijibu habari za milima. Aliushika mkono wangu akaubana, na nilipomtazama chini ya mwavuli alikuwa analia. Nilikuwa sijapata kumwona akilia. Nikafurahi, nisifiche, kwa sababu niliona dawa inafanya kazi.

Nyumbani kwa Mama Venansiya, Bibi alifungua kwa ufunguo alioachiwa, akawasha jiko la mkaa uani mpaka moshi ukapanda juu ya paa, akaliacha likijifia lenyewe, akafunga. Tukarudi kwa kijia cha nyuma, mwavuli umefungwa, kitenge kikapuni chini ya mboga. Kesho yake asubuhi mwavuli ulikuwa tena msumarini, na mlango wetu umeegeshwa kwa sababu ya mvua. Aliyetaka kujua Mama Venansiya yuko wapi aliutazama mwavuli. Alasiri tukapanda tena. Tukafanya hivyo siku kadhaa, na kila siku nilirudi nyumbani nikimtafuta ndani, kwanza kwenye mkeka, kisha nyuma ya pazia.

Jioni moja Mjomba Saidi akarudi safari. Aliliegesha lori chini, akaja akakaa, akanywa chai yote. Kisha akasema njia ilikuwa nzuri. Bibi akasema alhamdulillahi, akanyanyuka, akauondoa mwavuli msumarini na kuutia nyuma ya kabati. Kesho yake alasiri nilijifunga kitenge mwenyewe nikamngoja. Akanivua. Nililia nikagaragara, nikamwambia kwamba bado hajarudi na sisi tumeshachoka kumsindikiza, sasa atarudi vipi? Mjomba alitoka nje. Bibi akanipakata, mtoto mrefu vile, miguu yangu ikaburuta chini.

Haukupita muda wakaja. Walikuwa wamevunja mlango kule juu, wakakuta majivu ya baridi. Safari hii mkuu wa seli hakuleta utani, alikuja na wanaume wawili, akamwuliza Bibi mwenzake yuko wapi. Bibi alikuwa kwenye maharage yake.

"Mimi?" alisema. "Mimi nimemsindikiza mpaka mlangoni kwake. Mtaa mzima umeniona."

Wakaenda kuuliza. Mafundi cherehani wakasema ndiyo, tumewaona, wawili, chini ya mwavuli. Fundi redio akasema hivyohivyo, na mwenye mishikaki. Kisha wakaniuliza mimi, nikaapa kwa jina la Mungu kwamba Mama Venansiya alipanda kilima na Bibi na alisimama kanisani akasema mji ni mzuri. Sikuona kwamba nasema uongo. Nilikuwa nimemsikia akitembea ndani ya miguu yangu.

Yaliyokuja baadaye siyaandiki hapa. Mnayajua, na asiyeyajua kuna wengi wa kumsimulia. Nitasema tu kwamba katika mwaka ule wa mauaji Mjomba Saidi aliondoka na lori lake na hatukumwona tena, kwamba nyumba ya Mama Venansiya ilibaki msingi mtupu, na kwamba kwetu watu walilala chini ya vitanda na juu ya dari wakati Bibi amekaa mlangoni na ungo wake, akichambua maharage yaliyokwishachambuliwa.

Amani iliporudi, waliokuwa Burundi walianza kurudi kwa wingi, na Bibi aliwauliza mmojammoja. Hakuna aliyemjua Mama Venansiya. Nami nilipokua nilielewa kwa nini siku ile hakusindikizwa: mtu anayeagwa ni mtu anayeondoka, na mtu anayetumwa chumvi atarudi. Bibi alikuwa amemtoa kambini na ndoo mkononi. Nilielewa na mwavuli pia. Lakini kama alifika, hilo hatukulijua, tulikuwa na maneno yale tu ya Mjomba Saidi, kwamba njia ilikuwa nzuri. Bibi aliishi nayo maneno hayo miaka yote iliyobaki. Hakupanda tena mpaka kanisani. Akitembea alasiri aliishia kwa mafundi cherehani, akasimama kidogo, akageuka. Nilimwambia mara nyingi twende, nitamshika mkono. Akasema miguu inamuuma.

Basi nilikuwa nimekaa pale uani, mwavuli umefunguka mapajani, wakati mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kadhaa alipopiga hodi. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura. Alituomba radhi kwa kuchelewa msiba. Alisema amehamia Remera hivi karibuni tu, ana biashara ya vitambaa, na alisikia redioni tangazo la kifo cha Mama Saidi wa Biryogo akafunga duka. Nilitaka kumwuliza anamjuaje Bibi. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mwavuli, kwenye ule uzi mweupe, na akakaa chini juu ya saruji na gauni lake zuri.

"Uzi huu alishona mama," alisema. "Mimi ni Kayitesi."

 Akanijibu bila kuulizwa. Alifika. Mjomba Saidi alimficha kati ya magunia mpaka kusini, wakamvusha, na siku chache baadaye alikuwa anagonga mlango wa mdogo wake Bujumbura, kandambili miguuni. Lakini mateso ya njia na kifo cha mume vilimkusanyikia mwilini, na kabla mwaka haujaisha akapigwa kiharusi, miguu ikafa kwanza. Aliishi miaka kwenye kiti karibu na mlango, akitazama mvua, akazikwa hukohuko akiwa bado anasema atarudi. Nilianza kulia, nikilia kwa ajili ya Bibi, aliyekufa wiki ileile ambayo jibu lilikuwa linatafuta nauli ya kuja.

Kayitesi akaniambia kwamba watu wa Bujumbura walikuwa wakimsikitikia mama yake, aliyetoka Kigali kama mwizi, bila hata mtu wa kumfikisha njiani. Akiwasikia alikuwa anakasirika.

"Alisema, 'Mimi Mama Saidi amenisindikiza mpaka Burundi,'" alisema Kayitesi. "'Na iko mtoto alibaki akanitembelea.' Mtoto huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaufuta mpini kwa kidole gumba. Alipelekwa Bujumbura mdogo sana, aliniambia. Sura ya mama yake anayo, sauti anayo. Lakini kila akimkumbuka, anamkumbuka amekaa.

"Alitembeaje?" aliniuliza.

Nikainuka. Magoti yangu siku hizi yana kelele zake. Nikajifunga khanga vizuri, nikauinua mwavuli, na mvua haikuwepo hata tone. Tulitoka barazani, tukawapita wageni wenye kamera na kijana wao, ambao walitupisha kwa heshima bila kujua wanampisha nani. Kwa mafundi cherehani, ambao sasa wana pasi za umeme, nikaanza. Mguu wa kulia nje, egemea, bega la kushoto juu. Sikuwa nimeutembea mwendo ule tangu utotoni, na nilidhani umenitoka, lakini miguu iliupokea kama mtu anayeingia kwake gizani. Kayitesi alibaki nyuma yangu makusudi, aone. Nilimsikia akisema, "Ndiye," mara moja tu, kwa sauti ndogo. Kilima kilipokaza, mkono ukaenda kiunoni wenyewe.

Tulifika kanisani. Kigali ilikuwa pale chini, kubwa kuliko tulivyoiacha, Kiyovu imeota maghorofa na Gatsata imejaa mpaka juu. Nilivuta pumzi, nikasema mji yetu ni muzuri. Kayitesi alikuwa anapangusa uso kwa kiganja. Nilimwambia kwamba kutoka hapa atapata pikipiki ya kumfikisha Remera, na mimi nitarudi taratibu. Akautwaa mwavuli mkononi mwangu, akausogeza utufunike wote wawili.

"Sasa na mimi nikusindikize kidogo," alisema.

Tukageuka, tukaanza kushuka.